Sura ya Saba: Ukishuka Garini

Jua limeshazama katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa Novemba. Barabara ya vumbi imekata katikati ya msitu, na ng'ambo ya mfereji amesimama ayala dume, ayala yule yule tunayemjua kwenye Zaburi, mwenye pembe za kutamanisha. Anageuza kichwa. Anatikisa mkia. Pikapu inapita, inapunguza mwendo, inarudi kinyumenyume. Kioo kinashuka, mtutu unachungulia dirishani, mlio unasikika. Ayala haanguki. Anageuza kichwa tena, anatikisa mkia tena, na hapo ndipo maafisa wa wanyamapori wanapotoka kichakani na tochi zao.

Ayala huyo ni sanamu. Ngozi ni ya kweli, ndani ni povu gumu, shingoni na mkiani kuna mota ndogo, na afisa aliyejificha nyuma ya mti ameshika rimoti. Maafisa wa majimbo mengi ya Marekani wanaitumia mbinu hii, na sanamu moja huweza kupigwa risasi msimu baada ya msimu, ikizibwa matundu na kurudishwa kazini.

Sasa hesabu makosa ya yule bwana wa pikapu. Amefyatua akiwa ndani ya gari: hilo moja. Bunduki ilikuwa na risasi tayari garini: la pili, na lingekuwepo hata kama asingefyatua. Amepiga akiwa ndani ya futi 50, yaani kama mita 15, kutoka katikati ya barabara: la tatu. Saa za kuwinda zimekwisha: la nne. Kama ayala alikuwa upande wa pili na risasi imevuka juu ya barabara, weka la tano. Kama upande huo ni shamba la mtu ambaye hakuombwa ruhusa, la sita. Risasi moja tu, na mnyama mwenyewe ni wa povu.

Nilipoanza kuzisoma sheria hizi nilidhani mrundikano huo ni ukali wa serikali, kama mwalimu anayeadhibu kosa moja kwa fimbo tatu. Kadiri nilivyoendelea nikaona sivyo. Bunduki, gari na barabara vinapokutana, vinaamsha ugomvi wa aina tatu, na kila ugomvi una mlalamikaji wake. Wa kwanza ni mpita njia: mtoto anayesubiri basi la shule, dereva anayekuja nyuma ya kona. Wa pili ni mwenye shamba, ambaye hataki barabara ya umma igeuzwe dirisha la kuwindia ng'ombe na miti yake. Wa tatu ni mnyama, au tuseme wale wanaomsemea, wanaodai kwamba mnyama apewe nafasi ya kukimbia. Kila mmoja alikwenda kwa watunga sheria kwa wakati wake na akapewa kipimo chake. Hakuna aliyekaa chini kuviunganisha vipimo hivyo. Mkanganyiko wote unaofuata katika sura hii unatoka hapo.

Tuanze na mnyama, kwa sababu kesi yake ina mizizi hata kwetu.

Kabla ya gari kulikuwa na treni. Miaka ya 1860 na 1870, reli ilipokuwa ikipenya nyanda za Kansas, abiria walikuwa wakiwapiga risasi nyati wa Marekani kupitia madirisha ya mabehewa, kisha treni ikaendelea na safari na mizoga ikabaki kuoza. Nusu karne baadaye zamu ilifika Tanganyika. Miaka ya 1920 magari yalianza kufika kwenye mbuga za Serengeti, na wageni wenye fedha wakagundua jambo ambalo kila dereva wa watalii leo analijua: simba haogopi gari. Mtu akisimama kwa miguu, simba anamwona mtu. Mtu huyo huyo akikaa garini, simba anaona dude linalonguruma lisilo na harufu ya maana, anaendelea kulala. Unaweza kumkaribia hadi uone inzi puani mwake. Kumpiga risasi simba wa namna hiyo ni kazi ya dakika moja.

Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyewaongoza wakubwa wengi katika safari za Kenya na Tanganyika, alichukizwa na jambo hilo, akaandika kwenye gazeti la The Times la London kulipinga. Si kwamba alikuwa mpole wa wanyama. Kuua simba ndiyo ilikuwa riziki yake. Kilichomuudhi ni kwamba gari limemwondolea mwindaji hatari na kumwondolea simba akili. Mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ikatengwa kuwa hifadhi, na mwaka 1933 mkataba wa kimataifa uliotiwa saini London kuhusu wanyama na mimea ya Afrika ukakataza kutumia magari na ndege katika kuwinda. Tanzania ya leo inalishikilia wazo hilo kwa lugha nyepesi: mwenye leseni ya uwindaji haruhusiwi kupiga risasi akiwa garini, wala ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari. Gari libaki huko, wewe njoo kwa miguu, na askari wa wanyamapori awe pembeni yako. Kenya wao waliumaliza mjadala kwa njia nyingine kabisa: mwaka 1977 walipiga marufuku uwindaji.

Mita 200 ni kipimo kinachoeleweka. Kinapimwa kutoka kwenye gari. Usisahau hilo, kwa sababu Marekani karibu kila kitu kinapimwa kutoka kwenye barabara, na barabara ni kitu kigumu kukipima kuliko unavyofikiri.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufundishwa. Ameona nyumba zilizochorwa X nyekundu. Ameona wazee wakibishana na mtu mwenye futi ya mkononi kuhusu hifadhi ya barabara: mita 22.5 za zamani au 30 za sheria ya mwaka 2007, na je, zinaanzia katikati ya lami au ukingoni, na katikati yenyewe ni ya barabara ya sasa au ya ile iliyokuwepo kabla haijapanuliwa? Sasa wazia ubishi huo unafanyika alfajiri, kwenye theluji, na anayebisha ana bunduki mkononi na ayala machoni.

Wisconsin inapima futi 50 kutoka katikati ya sehemu inayopitwa na magari. Pennsylvania inapima yadi 25, kama mita 23, kutoka ukingo wa sehemu hiyo, na inaipima kwa namna tofauti: mtu akishuka garini, asimpige mnyama mpaka awe ametoka umbali huo kutoka barabarani. Juu ya hapo Pennsylvania ina kipimo kingine cha yadi 150 kuzunguka nyumba ya mtu, na kwa mwenye upinde yadi hizo hushuka hadi 50. Kwa hiyo mwindaji aliyeegesha kwenye barabara ya kijijini ana miduara miwili inayoingiliana, mmoja wa barabara na mmoja wa nyumba, na sehemu halali ya kusimama inaweza kuwa kipande chenye umbo la ndizi katikati ya shamba la mahindi.

Hata hivyo, katika sheria zote nilizozisoma, hiyo ya Pennsylvania ya kushuka na kutembea naiona imeandikwa na mtu aliyewahi kuwinda. Inaiambia miguu yako la kufanya. Mtu aliyetembea hatua 25 amepata muda wa kutazama nyuma ya mnyama kuna nini, na mnyama amepata muda wa kuondoka. Mpita njia na mnyama wote wawili wamehudumiwa kwa matembezi mafupi.

Kipimo cha kushangaza kuliko vyote kiko Alaska. Barabara ya Dalton ilijengwa mwaka 1974 kuhudumia bomba la mafuta. Ina urefu wa maili 414 na inaishia karibu na bahari ya Aktiki. Kuanzia mto Yukon kwenda kaskazini, huruhusiwi kuwinda kwa bunduki ndani ya maili tano kila upande wa barabara hiyo. Ni kilomita nane. Kwa upinde unaruhusiwa. Basi mwenye upinde anaegesha na kuanza kunyata hapo hapo, na mwenye bunduki anavaa mabuti, anabeba mzigo, anatembea kilomita nane juu ya matope na vichuguu vya nyasi vinavyotegua kifundo. Akifanikiwa, atazirudi kilomita hizo hizo, safari hii na nyama mgongoni, mara tatu au nne mpaka mnyama aishe. Pikipiki za magurudumu manne nazo zimekatazwa kumsaidia. Sijui sheria nyingine inayowachuja wawindaji kwa magoti.

Hapo ni vipimo vya nje. Ukiingia ndani ya gari linakuja swali ambalo linasikika la kitoto: bunduki yenye risasi ni ipi?

Kiswahili kina neno kushindilia. Ni neno la enzi za gobori, ulipomimina baruti mdomoni mwa mtutu, ukatia risasi, ukaishindilia kwa mdeki. Bunduki iliyoshindiliwa haikuwa na utata. Bunduki za leo zina chemba na zina magazini, na risasi inaweza kuwa kwenye magazini bila kuwa kwenye chemba. Je, imesheheni au haijasheheni?

Pennsylvania inasema imesheheni, ilimradi magazini imepachikwa kwenye bunduki. California ina majibu mawili. Kitabu cha sheria za samaki na wanyamapori kinasema bunduki ndefu ndani ya gari imesheheni pale tu risasi inapokuwa kwenye chemba. Zilizo kwenye magazini hazihesabiwi. Kitabu cha sheria za jinai cha jimbo hilo hilo kinasema zinahesabiwa, na kinatumika mijini na mahali pengine ambapo kufyatua kumekatazwa. Fuata gurudumu: mwindaji anashuka kutoka milimani kwenye barabara ya msitu, risasi nne kwenye magazini, chemba tupu. Ni mtu halali. Anafika kwenye kibao kinachomkaribisha mjini, anakipita, na sasa ni mtuhumiwa. Hakugusa chochote. Kilichobadilika ni kibao tu.

Gobori lenyewe, usidhani limetulia. Wamarekani wengi bado wanawinda nalo kwa sababu lina msimu wake maalumu. Tatizo ni kwamba gobori likishashindiliwa, njia rahisi ya kulitoa risasi ni kulifyatua, na huwezi kumtaka kila mtu afyatue kila anaporudi kwenye gari. Wisconsin na Pennsylvania zikapata suluhisho la kistaarabu: gobori la fataki linahesabiwa halina risasi ukiondoa fataki, na la gumegume, ukifuta baruti kwenye kile kisahani chake kidogo. Ndani ya mtutu baruti ipo, risasi ipo, sheria imeamua kutoiona. Fataki ni kitu kidogo kuliko kifungo cha shati. Ikiwa mfukoni, mtu yuko salama. Ikisahaulika mahali pake, ana bunduki iliyosheheni ndani ya gari.

Kisha kuna neno gari. Wisconsin inakataza bunduki ndefu yenye risasi ndani ya chombo na juu ya chombo, kwa hiyo kuiegemeza kwenye boneti huku unafunga kamba za viatu ni kosa. Lakini ukikaa kwenye tela la majani lililosimama shambani, lisilo na injini na lisilofungwa kwenye trekta, unaweza kuwindia humo. Lifunge kwenye trekta, haki imekwisha. Sheria ya shirikisho kuhusu ndege wanaohama, wale bata na mabata bukini, inakataza kuwapiga kutoka kwenye chombo cha injini, isipokuwa kwa mtu aliyepooza miguu au aliyekatwa mguu. Na mashua inaruhusiwa pale tu injini imezimwa kabisa, tanga limekunjwa, na chombo kimeacha kwenda kwa nguvu ya hivyo viwili. Nahodha yeyote wa Lamu au Pangani atauliza swali ambalo wanasheria nao huuliza: sasa huo mkondo wa maji unaonisukuma, nao niukunje?

Wakati mwingine sheria ya bunduki hupatikana mahali usipoitafuta. Ruhusa ya kuingia na bunduki yenye risasi kwenye hifadhi za taifa za Marekani, kwa kufuata sheria za jimbo ilimo hifadhi, ilipitishwa mwaka 2009 ndani ya sheria ya kadi za mikopo, na ikaanza kufanya kazi tarehe 22 Februari 2010. Kadi za benki na bunduki porini, sheria moja. Kuwinda kwenye sehemu kubwa ya hifadhi hizo kukabaki haramu. Kwa hiyo unaweza kuwa nayo, na huruhusiwi kufanya nayo lolote.

Tumweke sasa mtu barabarani. Anakaa Pennsylvania, amealikwa na shemeji yake kuwinda Wisconsin. Atavuka Ohio, Indiana na Illinois. Akitoka tu nyumbani atapita karibu na shule, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1990, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta mwaka 1995 na Bunge likairudisha kwa maneno mapya mwaka uliofuata, inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 za shule. Kama haina risasi na imefungiwa kwenye kasha lenye kufuli, anapita. Kwa safari ndefu ana ulinzi wa sheria nyingine ya shirikisho, ya mwaka 1986: anaweza kuvuka jimbo lolote ikiwa anakotoka na anakokwenda ni halali kwake kuwa na bunduki hiyo, mradi haina risasi na yeye na abiria wake hawawezi kuifikia wala kuzifikia risasi kutoka walipoketi. Gari lisilo na buti, basi iwe kwenye kasha lililofungwa, na sheria imetaja waziwazi kwamba droo ya dashibodi si kasha.

Akiwa Illinois bunduki lazima iwe ndani ya mfuko wake. Anaipita Chicago, anafika mpaka wa Wisconsin, na hapo, tangu Novemba 2011, bunduki ndefu isiyo na risasi inaweza kulazwa kwenye kiti cha nyuma bila mfuko wowote. Shemeji yake hajaifunika yake miaka yote hiyo. Jumapili wanaamua kwenda kununua kitu ng'ambo ya mpaka, mwendo wa dakika kumi, na bunduki ya shemeji bado imelala kwenye kiti. Hakuna kituo cha forodha pale, hakuna kizuizi wala askari. Kuna kibao, na mstari wa lami ambapo rangi inabadilika kidogo.

Watetezi wa utaratibu huu husema ndiyo maana ya shirikisho: kila jimbo lijue wanyama wake na barabara zake. Nakubali kwamba barabara ya Alaska si ya Pennsylvania. Lakini tafsiri ya bunduki yenye risasi haibadiliki kwa hali ya hewa. Chemba ni chemba California na ni chemba Ohio. Umbali uachwe majimboni, kwa sababu umbali unategemea nchi ilivyo. Maana za maneno zingepaswa kuwa moja. Sijaona hoja nzuri ya kupinga hilo, na sijaona dalili kwamba litafanyika.

Wakati wa kungoja, wawindaji wazoefu wamejitungia sheria yao moja inayozimeza zote: risasi hazigusi bunduki mpaka gari liwe nyuma yako kabisa, na zinatoka kwenye bunduki kabla hujaliona gari tena. Bunduki kwenye mfuko, mfuko kwenye buti, risasi kwenye begi jingine. Mtu wa namna hiyo hata akiwa hajui kipimo cha jimbo alimo, mara nyingi amekitimiza.

Nimeandika sura hii nikiwafikiria pia Waswahili walioko huko: wanafunzi wa Kikenya na Kitanzania, familia za Wakongomani, watu wanaoalikwa na majirani wao kila Novemba kwenda kuonja maisha ya msituni. Kwenu kuna kanuni moja inayotangulia mita na magazini zote. Kwa sheria ya shirikisho, aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi au ya matembezi, haruhusiwi kuwa na bunduki wala hata risasi moja. Moja ya njia chache za kutoka kwenye katazo hilo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Mwenye kadi ya kijani haguswi na katazo hilo. Asiye na karatasi hakingwi na leseni yoyote. Basi jirani akikuambia "shika kidogo hii bunduki nifunge lango," mrudishie, ukafunge lango wewe. Leseni yako ikishatoka, ipige picha, ibebe mfukoni, na umpigie simu afisa wa wanyamapori wa jimbo hilo kabla ya safari. Namba yake imechapishwa kwenye kijitabu unachopewa pamoja na leseni.